Singo ya Kiwanda cha Sabuni

Mwezi uliopita binti wa Mjomba Hemed aliolewa, nami nikashindwa kukaa chumbani na wenzangu hata dakika tano. Singo, ule mchanganyiko wa kumsugua bibi harusi ngozi ing'ae, ililetwa kwenye sahani, imepondwa vizuri, mawaridi na liwa na mpompia, na manjano mengi kama ilivyo desturi ya nyumba yetu. Somo, yaani kungwi wake, akaanza kumpaka bibi harusi mabegani, vigelegele vikapigwa, mimi nikaenda kujifungia chooni. Shangazi mmoja akagonga akauliza kama tumbo linaniuma. Nikasema ndiyo, linaniuma sana. Hakuna aliyeshangaa. Wote wananijua: mimi ni mtu wa ndani, wa shuka na chai na mto wa kuegemea, na nikialikwa shughuli huomba mvua inyeshe, ombi ambalo hapa Jiddah ni kumchosha Mungu. Lakini siku hiyo haukuwa uvivu. Nikiona manjano kwenye ngozi ya mwanamke, nakumbuka jinsi nilivyosababisha watu wawili wapigwe, mmoja wao kwa mkono wangu mwenyewe.

Wa umri wangu mtanielewa, hasa sisi ambao babu zetu walitoka Unguja na mkoba mmoja, tukazaliwa huku, tukaongea Kiswahili ndani na Kiarabu dukani, na bado tunahuisha ikama, kile kibali cha kukaa, kama wageni waliotua jana. Mama na mimi tulikaa Riyadh, mtaa wa Suwaidi, juu ya fundi wa viyoyozi. Baba alikuwa amekufa barabarani, lori lilimpanda. Bibi na Mjomba Hemed walikuwa Jiddah. Mama alipopata kazi kiwandani nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa najua kila kitu. Hiyo ndiyo shida ya mtoto anayekaa ndani: hana mwenzake wa kumwambia kwamba hajui.

Kiwanda kilikuwa cha sabuni. Ndivyo alivyoniambia mimi, ndivyo alivyomwambia Bibi kwenye simu, na ndivyo lilivyosema basi lililomchukua kila asubuhi, limechorwa mapovu ubavuni na mwanamke anayetabasamu. Waliochukuliwa pale walikuwa wanawake wasio na mtu wa kuwauliza waendako: wajane kama Mama, Wahabeshi waliotoroka majumbani mwa watu, na akina dada wa Kenya ambao miaka ile mawakala walikuwa wakiwashusha uwanja wa ndege kundi baada ya kundi. Akinyi alikuwa mmoja wao. Aliletwa kuwa mfanyakazi wa ndani kwa madamu mmoja wa mtaa wetu, kisha kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini, akamhamishia kiwandani bila kumuuliza, kama mtu anavyohamisha kabati. Kicheko chake kilikuwa kinafika juu ghorofani wakati yeye bado yuko ngazi za chini.

"Mama Kidawa, kuja tu," alimwambia Mama, ameketi sakafuni kwetu akila wali wetu. "Huko hakuna madamu wa kukutukana. Unavaa koti, unanyamaza, unarudi kwako. Kwani unataka nini tena?"

Mama akatia saini karatasi. Sikuiona. Nilimsikia tu akiisoma jikoni kwa sauti ya chini, mara mbili, kisha akaniita.

"Kidawa, mtu akikuuliza mama yako anafanya kazi gani?"

"Sabuni."

"Sabuni gani?"

"Ya kufulia."

"Halas. Hapo hapo ukomee."

Wiki chache baadaye akaanza kuwa wa manjano. Vilianza viganja, ikaja shingo, halafu nywele za mbele, zile zinazochungulia chini ya mtandio, zikawa rangi ya kutu. Alinuka kitu kichungu kama lozi zilizoungua. Mtoto mwingine angedhani mama yake anaumwa. Mimi nilikuwa mjukuu wa Bibi, na Bibi aliwasinga mabibi harusi wa Jiddah tangu Mama hajazaliwa. Nilikwisha kaa miguuni pake nikimwangalia akimsugua mwari mpaka anang'aa kama embe bivu, na nilikwisha msikia akisema, "Ukimwona mwanamke wa manjano, ujue bwana yuko mlangoni."

Basi nikajua. Mama anaolewa, na anasingwa kwa siri.

Kilichonitatiza ni Akinyi, maana naye alikuwa wa manjano. Nikakaa dirishani nikafikiri. Wanawake wawili, singo moja, basi moja. Jibu lilikuwa wazi: wanaolewa uke wenza. Na bwana wao? Nikitazama chini niliona dereva tu, Mkenya mwembamba aliyeitwa Musyoka. Alishuka kuwafungulia mlango, akawakusanyia simu zao kwenye mfuko, akawarudishia jioni. Mwanamume anayeshika simu za wanawake kutwa nzima, kama si bwana wao ni nani? Nilijisifu sana siku ile. Nilijipa andazi la pili.

Mama mwenyewe alinipa ushahidi zaidi. Nilipomkimbilia mlangoni alinisukuma kwa mguu. Kwa mguu, jamani, kama mtu anavyomsukuma paka aliyelowa. "Usiniguse! Nioge kwanza!" Kikombe chake akakitenga. Nguo zake akazifua peke yake. Bafuni nilimsikia akijisugua kwa jiwe, na nilipoingia baada yake maji yaliyobaki kwenye ndoo yalikuwa ya waridi, kwa damu. Nikaona anajitakasa kwa ajili ya mtu mwingine, na mimi nimekuwa uchafu wa ndoa ya zamani.

Siku moja nikajitia ujasiri. "Mama, mbona hiyo sabuni inakuchafua?"

Hakuwahi kunipiga kabla ya hapo. Kofi lilinipata mdomoni, nikaanguka juu ya viatu, jino likaruka. Jino lilikuwa limeshalegea, nakiri, lakini nililisifia lile kofi kwa miaka. Mama akapiga magoti akalitafuta lile jino chini ya kabati.

"Usiulize tena," akaninong'oneza. "Siku neno hilo litakapomfikia mtu, mimi na wewe tutapandishwa ndege, tupelekwe nchi ambayo hatumjui hata muuza chapati. Au mimi nifungwe, wewe upelekwe peke yako. Umesikia?"

Nilisikia. Lakini nilielewa kwamba anazungumzia ndoa. Na Ijumaa ile Bibi alipopiga simu, nikiwa bado na pengo na uchungu wangu, nikamwambia, "Bibi, Mama anasingwa kila siku."

Bibi akauliza, taratibu, "Anasingwa na nani?"

"Sijui. Lakini ameshakuwa wa manjano mpaka masikioni."

Mjomba Hemed alifika kesho yake baada ya sala ya adhuhuri. Mjomba alizaliwa na wazazi wa Kiunguja lakini alivaa Kiarabu kuliko Waarabu: kanzu nyeupe pe, kitambaa chekundu, na juu yake igali, ile kamba nyeusi nzito inayozungushwa kichwani. Kichwani igali ni heshima. Mkononi ni mjeledi, na kila mtoto aliyesoma huku anajua ladha yake.

"Zuhura, nionyeshe mikono."

Mama akaificha. Mjomba akaivuta, akaigeuza, akaitazama kama mtu anayekagua noti.

"Bwana ni nani?"

"Hakuna bwana."

"Na hii ni nini?"

"Sabuni, kaka."

"Sabuni!" Mjomba akacheka, na akicheka huwa ni dalili mbaya. "Kiwanda kinatengeneza sabuni isiyotoka? Nani anainunua, vipofu?"

Igali ikashuka. Ilimpata begani, ikampata shingoni, ikampata sikioni, na sikio likachanika pale kipini kilipokaa. Mama aliuma mkono wa gauni lake asipige kelele, maana fundi wa viyoyozi angesikia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, miguu yangu inaonekana chini yake, najua hilo sasa. "Nani?" anauliza Mjomba, igali inashuka. "Nani?" inashuka tena. Damu ikarukia ukutani, juu ya kalenda. Mama akainua uso akanitazama pale pazia lilipokuwa na tundu, nikaona anapima kitu, kama mtu anayechagua ni kipi akiokoe ndani ya nyumba inayoungua. Mjomba hakuwahi kutunza siri hata ya chakula cha mchana. Angeambiwa ukweli saa saba, baraza zima la Jiddah lingejua saa kumi.

"Halas, Hemed," akasema. "Nimeolewa."

Na mimi nyuma ya pazia, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikuwa nimepatia.

"Na nani?"

Hapo Mama akakwama. Alikuwa ameunda mume lakini hakuwahi kumpa jina. Mjomba akalivuta pazia.

"Wewe Kidawa, unamjua?"

"Dereva wa basi," nikasema kwa sauti safi, kama niko mbele ya mwalimu. "Musyoka. Mkenya."

"Mwislamu?"

"Sijui. Ijumaa wakati wa sala hulala ndani ya basi."

Yaliyofuata sitayaeleza yote. Igali ilipokatika alitumia mkono, na mkono ulipochoka alitumia kiatu. Mama hakusema si kweli. Alinitazama tu, jicho moja limeshaanza kuvimba, kama mtu aliyeuzwa na duka lake mwenyewe.

"Mtoto wa marehemu hatalelewa na mwanamke wa namna hii," Mjomba akasema, akanishika mkono. "Yalla." Tulipofika kizingitini Mama alijivuta sakafuni akanishika kifundo cha mguu. Ilikuwa mara ya kwanza anishike tangu aanze ile kazi. Vidole vyake vilikuwa vya moto na vimekauka kama ngozi ya samaki. Mjomba akavikanyaga. Akavikanyaga akasimama juu yavyo mpaka vikaachia, nami nikateremka ngazi nikiwa na alama za manjano kwenye soksi nyeupe.

Jiddah tulikaa Rawdah, katika nyumba ya uani ya matajiri ambao Bibi aliwashonea nguo maisha yake yote. Watu wa baraza waliambiwa kwamba Zuhura ameolewa Riyadh, ndoa ya heshima, na mtoto ameletwa kusoma. Ya dereva Mjomba aliyameza, kwa aibu. Ndiyo siri yake ya kwanza. Mimi nilikuwa na kazi moja tu: kumchukia baba wa kambo. Niliamua kumuua. Silaha niliichagua jikoni, mchi wa kinu kidogo cha Bibi, na nilifanya mazoezi juu ya vitunguu mpaka Bibi akauliza kwa nini siku hizi kila mchuzi una vitunguu vilivyopondeka. Nilitunga hata hotuba ya kumsomea kabla ya kumpiga. Ilikuwa ndefu, na ilikuwa na aya.

Jioni televisheni ilionyesha vita vya kule kusini, Yemen. Ndege zikiruka, mizinga ikirudi nyuma kila inapotema moto, milima ikifuka. Mjomba alikuwa na kiti chake mbele kabisa. "Piga!" alisema, akapiga makofi. "Piga tena!" Sisi watoto tulipiga makofi pia, kwa sababu ukipiga makofi vizuri ulipewa karanga.

Mama alipiga simu kila wiki. Kila wiki alisema atanichukua, nivumilie, anatafuta njia. Nami niliuliza swali moja.

"Bado una manjano?"

"Bado, mwanangu."

"Basi usinipigie."

Nilimkatia simu mama yangu. Niliona nimejibu kama mtu mzima.

Halafu wiki moja hakupiga. Ya pili hakupiga. Mchana wa siku ya tatu baada ya hapo, tunakula, likasimama basi nje ya geti. Lilikuwa lile lile, la mapovu na mwanamke anayetabasamu, ila ubavu mmoja rangi ilikuwa imebabuka na kioo cha nyuma kimezibwa kwa katoni. Musyoka akashuka, akazunguka, akatoka amembeba mtu aliyefungwa shuka. Kichwa kizima kilikuwa bandeji, limebaki jicho moja na nusu ya mdomo ulioshonwa. Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko nilivyoukumbuka, umeishia kwenye kifundo cha vitambaa. Nilimjua kwa miguu.

"Shikamoo, mama," Musyoka akamwambia Bibi. "Nimewaletea mtu wenu. Kliniki wamemfunga, wakasema halas, aende kwa jamaa zake."

Bibi akapiga ukunga. "Kakufanya nini huyu, Zuhura? Kakufanya nini?"

Mjomba Hemed alikuwa ameshainuka, bado ana wali vidoleni. "Wewe ndiye Musyoka?"

"Ndiyo, bosi."

Hakuuliza la pili. Ngumi ya kwanza ilimpata Musyoka akiwa bado amembeba Mama. Hakumwangusha. Alipiga goti, akamlaza kwenye mkeka taratibu kama mtu anayelaza mayai, na ndipo akajikunja. Mjomba akachukua fagio la uani akampiga kwa mpini mgongoni, kichwani, mpaka mpini ukavunjika vipande viwili, akaendelea na kile kipande chenye ncha. Nyama ilichanika mgongoni, shati likaingia ndani ya kidonda. Musyoka hakuinua mkono. Dereva mgeni akimpiga mtu getini kwa matajiri, hata hakimu hahitajiki.

"Piga, bosi," alikuwa anasema, meno yana damu. "Piga tu. Lakini huyu mtoeni kwa jua."

Hapo ndipo nilipotoka jikoni na mchi wangu. Hotuba yote iliniruka. Nilimpiga kwenye muundi kwa nguvu zangu zote za miaka tisa, na vile vitunguu vilikuwa vimenifunza, maana mfupa ulilia. Akapiga kelele kwa mara ya kwanza. Akageuka akanitazama, uso umejaa machozi na vumbi.

"Wewe ndiye Kidawa," akasema. "Mama yako ameongea juu yako njia yote."

Nikainua mchi tena. Akanyoosha mikono mbele kujikinga, vidole vimefunguka, nikaona viganja. Vilikuwa vya manjano. Manjano yale yale, mpaka kwenye mistari, mpaka chini ya kucha. Kutoka kwenye dirisha la Suwaidi sikuwahi kuviona viganja vyake. Nikasimama na mchi wangu hewani, kwa sababu hata mtoto anayejua kila kitu anajua na hili: katika nyumba yetu mwanamume hasingwi. Bwana harusi hunyolewa, hufukizwa udi, husukumwa mlangoni na binamu zake. Hasingwi.

"Si bwana!" nikapiga kelele. "Mjomba, mwache, si bwana! Ana manjano! Si bwana!"

Mjomba alidhani nimerukwa na akili, akanipiga kibao nikakaa chini. Lakini Bibi alikuwa amesikia, na hayo yalikuwa mambo ya kazi yake. Akapiga magoti kwenye damu, akashika kiganja cha Musyoka kama anavyoshika mkono wa mwari, akakikwaruza kwa ukucha, akanusa. Kisha akaenda akashika mkono mzima wa Mama, akanusa.

"Hii si singo," akasema. "Hamna liwa hapa, na manjano haya si ya jikoni. Zuhura. Miaka yote sijawahi kunusa kitu hiki. Ni nini?"

Mama akajibu kwa ile nusu ya mdomo. "Baruti, mama."

Mjomba alisimama na kipande cha fagio. "Baruti ya nini?"

"Tunajaza makombora. Mimi, Akinyi, wote. Hakuna sabuni pale."

"Makombora ya nani?"

"Yale unayoyapigia makofi, Hemed."

Kipande cha fagio kilianguka chenyewe. Musyoka ndiye aliyemalizia, ameegemea gurudumu, maana kazi yake, alipomaliza kuwashusha wanawake, ilikuwa kupakia masanduku. Meza moja ilishika moto. Aliingia mara mbili. Mara ya kwanza alimtoa Mhabeshi mmoja, akafika naye nje akaona amebeba maiti. Mara ya pili alimtoa Mama.

"Na Akinyi?" nikauliza.

"Akinyi hakubaki kitu cha kubeba, kasichana." Akafuta mdomo. "Na kwa ile karatasi tulisaini, hakuna kitu ilifanyika. Mtungi wa gesi ulilipuka, basi. Mkisema lingine, huyu ataenda ndani, na mimi, na nyinyi."

Bibi alimfunga muundi kwa mtandio wangu, akampa maji, na Mjomba Hemed alimshika mkono kumpandisha kwenye kiti cha dereva. Ilibidi Musyoka alirudishe basi kabla halijaulizwa. Aliondoka anakanyaga mafuta kwa mguu niliomvunja. Hatukumsikia tena. Nimejaribu kuwaza kwamba yuko kwao Kenya, mnene, anawasimulia watoto wake juu ya kitoto chenye mchi. Nawaza hivyo kwa sababu napenda kulala usingizi.

Geti lilikuwa limeshajaa majirani. Walikuwa wameona basi, damu, mwanamke aliyeungua. Kitu lazima kisemwe, na kisemwe kabla ya alasiri. Bibi akafunga mlango akatutazama mmoja mmoja.

"Bwana wa Zuhura amekufa," akasema. "Moto wa kiwandani. Yeye kaokoka."

"Bwana gani, mama?" Mjomba akasema. "Si tumesikia hakuwepo?"

"Alikuwepo ulipompiga mwenzio kwa ajili yake. Sasa amekufa. Nenda ukatandike mikeka barazani."

Na jina? Watu watauliza jina wamwombee dua. Mama akafumba lile jicho. Bibi akafikiri kidogo. "Abdalla. Maana yake mja wa Mungu, na kila aliyekufa ni mja wake, mwanamume au mwanamke, mwenye dini hii au ile. Hapo hatujadanganya mtu."

Hivyo ndivyo Mama alivyokaa eda ya mume ambaye mimi nilimzulia. Miezi minne na siku kumi, mavazi meupe, chumba cha nyuma, hatoki. Wanawake wa Rawdah walikuja wakamshika mkono wa kulia wakasema pole kwa kuondokewa, alikuwa mtu mwema? Mama akasema alikuwa mtu mwema, alikuwa na kicheko kikubwa, kilikuwa kinakutangulia ngazini. Akalia mpaka bandeji zikalowa, nao wakasema kweli walipendana. Barazani Mjomba Hemed alipokea tanzia za shemeji yake na akalia kuliko wafiwa. Televisheni aliigeuza ikatazama ukuta.

Mimi niliacha shule muhula ule nikakaa na Mama chumbani. Sitadanganya: ilikuwa miezi mizuri kuliko yote niliyowahi kuishi, na naona aibu kuiandika, kwa sababu ilijengwa juu ya Akinyi na juu ya mguu wa mtu. Ngozi yake ilirudi polepole. Manjano yalikataa kutoka kwenye kucha tu, yakawa yanasogea mbele kadiri kucha zinavyoota, na kila Ijumaa nilikaa na mkasi nikamkatia kipande, mkono ule uliobaki na vidole vyake vitano. Nilikuwa na neno moja kooni, nalo kila Ijumaa nililimeza. Lilinitoka wiki ya mwisho ya eda, nimeinama juu ya kidole gumba.

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia Bibi kwamba unasingwa."

"Najua."

"Na mimi ndiye niliyemtaja Musyoka."

"Nilikuwepo, Kidawa. Nilikuwa sakafuni."

Nikaanza kulia. Mama akanitazama, kovu limemvuta shavu upande mmoja.

"Msururu mzima wa matajiri unapita chini ya dirisha letu kila siku, mwenye Lekisasi, mwenye Landkruza," akasema. "Wewe ukanichagulia dereva. Angalau ungenipa mwenye gari lake."

Sikuelewa mara moja kwamba ni mzaha. Mdomo wake ulikuwa umesahau namna ya kuufanya. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nami nikacheka, kamasi zinanitoka, na yeye akacheka zaidi, mpaka kovu la mdomo likafumuka na damu ikamtiririka kidevuni ikadondokea gauni jeupe. Nikaogopa. Nikaweka kiganja changu pale pale kwenye damu, na hakunisukuma. Alikikandamiza kwa mkono wake, tukaendelea kucheka tumeshikana hivyo, tumepakana damu kama watu waliochinja mbuzi.

Bibi akaja mbio na mwiko mkononi. "Nyinyi! Wageni wako barazani! Watu watasema nini wakisikia mjane anacheka?"

Mama akanivuta kifuani, damu na yote.

"Waambie marehemu alipenda mzaha, mama," akasema.